Njaa ya Mndimu

Aibu ya Bi Mahbuba ilirudi nyumbani imefunikwa kawa, ndani ya bakuli la halua.

Alikuwa ametuma ndimu kwa nyumba saba za mtaani, kama afanyavyo kila mwezi wa Shaabani tangu nyumba hii ya Azaiba, Maskati, ilipojengwa. Majirani huzingoja. Ndimu za Bi Mahbuba zina ganda jembamba na maji tele, na jirani anayekosa zake hununa mpaka Idi. Lakini mwaka huu mndimu haukuzaa kitu ila vijipira kumi na viwili vigumu kama golori. Kwa hiyo Bi Mahbuba alimtuma Restituta, mfanyakazi wake, akanunue kilo nne dukani, wakazifunika kwa majani machache ya mndimu wenyewe ili zionekane zimechumwa asubuhi hiyo hiyo. Nyumba mbili za kwanza hazikusema neno. Ya tatu, kwa kuwa si adabu kurudisha bakuli tupu, ilirudisha halua. Na kwenye ukingo wa bakuli, kwa mkono mtulivu kabisa, palibandikwa kile kikaratasi cha dukani chenye jina la nchi zilikotoka ndimu.

Bi Mahbuba alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Vietnam! Resti, mwanangu, hukukiona?"

"Nilivibandua vyote, Bibi. Hicho kimenipita."

"Basi mie mtaani hapa ndo nshakuwa wa Vietnam."

Restituta angecheka kama si uso wa bibi wa watu. Bi Mahbuba ana miaka sabini na minane, amezaliwa Unguja na kurudi Maskati akiwa mke bado kijana, na mndimu ule alipanda na marehemu mumewe wiki waliyohamia. Hana shamba wala duka. Heshima yake mtaani ilikuwa kwenye lile bakuli.

Mutasim, mwanawe, alipotoka kazini kwake kule Ghala anakosimamia duka la vipuri vya magari, alikuta mama yake amejilaza na halua haijaguswa. Aliposikia habari alitoka uani moja kwa moja. Majani mapya ya mndimu yalikuwa ya manjano kama karatasi kuukuu, mishipa tu ndiyo ya kijani. Chini ya bomba, hatua tatu kutoka kwenye mti, ilikuwapo ndoo ya kudekia.

"Wewe Resti! Maji ya kudeki unamwaga wapi?"

"Kwenye shimo la choo cha nje, Baba."

"Na hii ndoo inatafuta nini hapa?"

"Bomba liko hapa, Baba. Naijazia hapa."

Aliinua ndoo akampelekea usoni. "Inuse."

Restituta alikuwa na miaka arobaini na mbili. Alikuwa mama wa binti anayesomea uuguzi Bukoba, na kwao Muleba watu walimsalimia kwa jina la mwanawe. Aliinamisha kichwa akanusa ndoo.

"Inanuka nini?"

"Jik, Baba."

"Umeua mti wa mama yangu kwa Jik, halafu umemnunulia fedheha dukani. Bataka yako ya ukaazi inakwisha mwezi huu, sivyo? Sihuishi. Jumapili nikipata nafasi nakurudisha maktab, kwenye ofisi iliyokuleta, wakukatie tiketi. Khalas."

Akaingia ndani. Restituta alibaki na ndoo. Kilichomuuma zaidi ya tiketi ni kwamba hakuwa amemwaga hata tone la Jik pale. Mti ule aliupenda. Asubuhi nyingi ulikuwa ndiyo kitu pekee katika nyumba ile anachokihudumia bila kuagizwa. Na Anjelina, binti yake, alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni. Mwaka mmoja tu.

&nbsp;

Alhamisi alasiri Malak alirudi kutoka Nizwa anakosoma. Ni binti wa Mutasim, msichana mrefu mwenye miwani, na masomo yake ni mimea, jambo ambalo baba yake hulieleza kwa wageni kwa haraka kidogo ili wafike kwenye habari za kaka zake wahandisi. Alimkuta Restituta amekaa kwenye kigoda uani, akipara changu aliyeletwa asubuhi kutoka Qurayyat.

"Dada Resti, nimesikia ya ndoo. Pole."

"Nimeshapoa."

"Hujapoa. Unampara samaki mpaka ngozi." Malak alichuma jani la manjano, kisha jingine la chini, akayaweka juu ya goti. "Umeona hili? La zamani ni la kijani. Yanayoumwa ni machanga."

"Nimeliona muda. Nikashangaa. Kwetu migomba ikikosa mbolea, majani ya chini ndiyo huanza."

Malak alimtazama juu ya miwani. "Nani kakufundisha hilo?"

"Mama. Na macho yangu."

"Basi una macho kuliko baba yangu. Jik ingechoma yote, manene na machanga. Huu hapa ni upungufu wa chuma. Mti wowote ukikosa mbolea nyingine, hunyang'anya majani mazee ukawapa watoto. Chuma haunyang'anyi, kikishakaa kwenye jani kimekaa. Ndiyo maana wanaolala njaa ni watoto."

Restituta aliacha kisu. "Chuma? Jangwa lote hili jekundu, chuma kitakosekanaje?"

"Hapo ndipo penyewe. Kimejaa, ila udongo wetu wa chokaa umekifungia. Mti uko mbele ya sahani na mikono imefungwa." Malak alivuta kigoda cha pili. Alikuwa na tabia ya kusogea karibu anapofika kwenye analolipenda. "Sikiliza. Ndani ya kila chembe ya mti kuna maagizo yameandikwa, ndiyo hizo jeni. Mengi yamelala. Chuma kikipungua, majani yanapeleka habari mizizini, yaani kabisa, habari inashuka. Kule chini kuna jeni kama msimamizi, inaamka, inaamsha wenzake. Mmoja anautoa mzizi jasho kali, kama la ndimu yenyewe, ili udongo ulegee. Mwingine anakibadili chuma kiwe cha kunyweka. Wa tatu anafungua milango kukiingiza ndani. Mti ukishiba, wote wanarudi kulala."

"Kwa hiyo mti unajua kuwa una njaa."

"Unajua kabla yetu. Kule jamia, chuoni, tuna tungule, hizi nyanya, za aina mbili, sawa kwa kila kitu, ila moja imezaliwa bila yule msimamizi. Tunazinyima chuma zote. Moja inahangaika, inaota vinyweleo vya mizizi kama ndevu, inapambana. Ile nyingine imekaa tu. Inakufa na hakuna aliyeipa habari."

"Na huu wetu? Umezaliwa hivyo?"

Malak alipiga magoti akafukua kwa vidole, karibu na shina. Mizizi midogo ilitoka na udongo, imejaa vinyweleo vyeupe kila upande. Akatabasamu kama aliyeonyeshwa mtoto mchanga.

"Mzima. Angalia anavyohangaika. Miaka arobaini ameshinda udongo huu huu. Sasa kwa nini ashindwe mwaka huu?" Alichukua udongo kidogo akautia kwenye gilasi yenye maji ya chupa, akakoroga, akachovya kikaratasi cha kupimia ukali alichokitoa mkobani. Kikaratasi kikawa buluu iliyokoza. Tabasamu likamtoka. "Ha! Huu umezidi hata wa jangwani. Kama maji ya sabuni. Mzizi unatoa ukali, na kuna kitu kinaufuta pale pale. Kuna mtu anatia kitu hapa, Dada Resti. Chokaa, au saruji. Au majivu."

Kisu kilikuwa mkononi mwa Restituta lakini hakikuwa kikipara tena.

Kila Ijumaa asubuhi. Tangu Mutasim alipojengewa lile jiko la mishikaki, miezi tisa sasa, kila Ijumaa Restituta alizoa majivu ya Alhamisi kwa kijembe, akayazungushia mndimu, akayafukia vizuri kwa udongo kama mama yake alivyofukia majivu ya jikoni kwenye kibanja chao, chini ya migomba. Migomba ile ilinenepa. Alipoona mndimu unaanza kuwa wa manjano, alidhani haujashiba, akaongeza.

"Dada Resti? Umejikata?"

"Hapana," alisema. "Ni magamba."

&nbsp;

Jioni ile, mkaa ukiwa umeshika na nyama ikilia juu ya nyavu, Malak alimweleza baba yake. Alimwonyesha majani, kikaratasi, mizizi. Mutasim alisikiliza huku akigeuza vijiti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa kosa liwe na mwenyewe, na lipatikane upesi.

"Si Jik, basi."

"Si Jik, baba. Umemwonea."

"Ala." Aligeuza vijiti vingine viwili. "Saruji, umesema? Basi ni yule fundi Obedi! Alipopiga lipu ukuta huu alikorogea hapa hapa. Nimemwambia mara ngapi atandike turubai!"

Restituta alikuwa amesimama na sinia la mikate. Alisikia kila neno. Hakuna aliyemgeukia kumwambia kitu, lakini Bi Mahbuba alimsogezea kijiti kizuri cha nyama kwenye sahani yake, chenye mafuta, na hiyo kwa nyumba ile ilikuwa hukumu ya kuachiliwa.

Ijumaa asubuhi Restituta aliyazoa majivu kama kawaida akasimama nayo. Aliangalia dirisha la Bibi, limefungwa. Angeweza kuyatia kwenye mfuko mweusi wa taka, basi, yakaisha. Wiki ijayo vivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kumwona, au waliomwona walidhani anafagia. Alimfikiria Anjelina akiwa na sare nyeupe. Akayatia kwenye mfuko, akaufunga mafundo mawili, akaupeleka kwenye pipa la barabarani. Mchana akaunguza vitunguu vya pilau, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Baada ya sala ya Ijumaa na chakula, Mutasim alikaa kwenye baraza na simu. Aliweka sauti ya nje, maana alipenda watu wasikie anapodai haki yake.

"Obedi! Umeniharibia mti!"

"Mti gani, bosi?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyeamshwa usingizini siku yake pekee ya mapumziko. "Mimi saruji nilikorogea nje barabarani, bosi. Hata mlinzi wa jirani aliniona."

"Uongo huo. Kipimo kimeonyesha. Usikanyage kwangu tena, na wenzangu wote wenye nyumba huku nitawaambia wewe ni mharibifu."

"Bosi, nina kazi mbili mtaani kwako huko, tafadhali, nisikilize..."

Restituta alikuwa akikusanya glasi. Alisikia "nisikilize" ile, akaijua. Ndiyo sauti yake mwenyewe, ile iliyobaki kooni Jumatatu alipokuwa na pua yake ndani ya ndoo.

"Baba," alisema. "Mwache huyo. Ni mimi."

Mutasim aliteremsha simu. Obedi bado alikuwa akiomba humo ndani.

"Nini wewe?"

"Majivu ya jiko. Kila Ijumaa nayafukia kwenye mti. Miezi tisa. Kwetu ndiyo mbolea. Ulipoanza kuumwa nikauongezea." Alipokwisha kuanza hakuweza kujizuia. "Dada Malak aliposema jana, nilijua. Sikusema. Leo yale majivu nimeyatupa kwenye pipa nje ili asijue mtu."

Malak ndiye aliyekuja juu kwanza, kwa Kiarabu na Kiswahili kwa pamoja. "Baba, usimpigie kelele, walahi ana haki! Udongo wa kwao Kagera una ukali, mvua inausafisha kila siku. Majivu kule yanaupoza, ndiyo dawa. Hapa ndiyo kinyume. Hakukosea kazi, amekosea nchi tu!"

"Jana alinyamaza," Mutasim alisema. "Mimi nimemwonea fundi wa watu, na yeye amesimama na mikate." Alikuwa mwekundu, na sehemu kubwa ya wekundu ule ilikuwa haya, nayo haya kwake haikujua njia nyingine ya kutokea. "Nimeshasema. Jumapili maktab. Sirudi nyuma."

Bi Mahbuba aliinuka, akashika fimbo yake. "Miezi tisa," alisema taratibu, kama anayejaribu uzito wake. "Na mie nnakuona kila Ijumaa dirishani, nnasema huyu mtoto anapenda usafi." Akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

&nbsp;

Jumamosi Restituta alichimba. Hakuagizwa. Alimwambia Malak kwamba mpaka kesho yeye bado ni mfanyakazi wa pale, na majivu yale ameyatia yeye. Malak alirudi kutoka duka la mashamba na mfuko wa mbolea ya samadi, unga wa manjano wa kiberiti wa kuutia udongo ukali, na kopo la chuma cha unga chekundu kama damu iliyoganda, aina ambayo udongo wa chokaa hauwezi kuifungia. Walitoa udongo wa juu kwa mikono karibu na mizizi, maana kijembe kingeikata. Ulikuwa wa kijivu, mwepesi. Walijaza mifuko kumi na moja.

"Tutampa kidogo tu," Malak alisema akikoroga chuma ndani ya ndoo. "Kazi nyingine ataifanya mwenyewe. Ameshajua namna, tangu kuzaliwa. Tulichofanya ni kumwondolea anayemfutia."

"Atapona?"

"Majani haya ya manjano, hapana. Hayo yatabaki hivyo mpaka yaanguke. Tungoje mapya. Wiki tatu, nne."

"Nitakuwa sipo."

Malak akaendelea kuchimba.

Bi Mahbuba alitoka mara moja tu. Alisimama na fimbo yake akatazama shimo, mizizi iliyo wazi, mikono ya Restituta iliyoingia udongo mpaka viwikoni, kucha zimechubuka. Restituta alisimama wima. "Bibi, nisamehe."

"Pale kushoto bado," Bi Mahbuba alisema, akionyesha kwa fimbo. "Pana jivu." Akarudi ndani.

&nbsp;

Jumapili saa mbili asubuhi Restituta alikuwa mlangoni na sanduku lake. Alikuwa amefua shuka zake, amekunja, ameziacha kitandani. Mutasim alitoka na funguo, kanzu imenyooka, kofia imekaa vizuri, akafungua gari akakuta kiti cha mbele kina mtu. Ni Bi Mahbuba, ndani ya buibui lake la kutokea, mkoba mapajani.

"Mama, wapi?"

"Twende kuhuisha bataka."

"Mama. Mimi nimeshasema."

"Nimekusikia. Ungeweza kusikiwa mpaka Qurayyat." Alikuwa akitazama mbele, kama mtu ambaye gari lake limeshaanza kwenda. "Mutasim, nyumba hii wamepita watumishi sita. Wamevunja vyombo, wamechoma kanzu, mmoja katia moto pazia langu la Bombei. Wote, mwanangu, wote walisema wamekuta vimeshavunjika. Huyu mlishamsafisha. Fundi wa watu ndo anakwenda kubeba lawama. Akaja mwenyewe akasema ni mie."

"Alichelewa siku nzima."

"Na wewe? Tangu Ijumaa hujampigia yule fundi. Siku ya ngapi leo?"

Mutasim aliingia garini akaketi. Alishika usukani gari likiwa bado halijawashwa. "Basi tungoje tuone kama mti utapona," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini zaidi. "Wiki tatu tu. Ukipona, ninahuisha."

"Mti ukifa ufe. Aliyeupanda nami alikufa, na nimeishi. Sitompima mtu kwa jani." Bi Mahbuba aligeuka dirishani. "Resti! Umesimama nini hapo kama nguzo? Rudisha sanduku, uje na pasi yako ya kusafiria."

Njiani Mutasim alisimamisha gari pembeni ya barabara, akampigia Obedi. Safari hii hakuweka sauti ya nje, na mama yake na Restituta walisikia upande mmoja tu: "Ndiyo. Hapana, si wewe. Nimekosea... Nitawaambia, nitapita nyumba hizo mwenyewe." Alipokata, alimtazama Restituta kwenye kioo kidogo. "Na wewe nilikuonea, Resti. Ile Jumatatu." Restituta alisema ndiyo, Baba, kwa sababu ilikuwa kweli.

Ofisini palikuwa na foleni, na kijana wa dirishani aliyekuwa na haraka. Alimwambia Restituta aweke kidole gumba kwenye kioo cha mashine. Mashine ikakataa. Akaweka tena, ikakataa. Udongo wa Jumamosi ulikuwa umeingia kwenye mistari ya kidole na kukaa humo, na ngozi imechubuka kwa mawe.

"Mikono gani hii?" kijana alisema kwa Kiarabu, na watu wa nyuma wakachungulia. "Kamwosheni kwanza, mrudi kesho. Mwingine!"

Restituta alirudisha mkono ndani ya mtandio wake. Lakini Bi Mahbuba alikwisha kufungua mkoba. Alitoa leso yake nyeupe, ile ya kwendea makaburini, akaimwagia maji ya chupa, akauvuta mkono wa Restituta akauweka juu ya kaunta, mbele ya foleni nzima. Akaanza kuusugua kidole kimoja kimoja, taratibu, kama anavyooshwa mtoto. Mutasim alisogea mbele akasimama ubavuni mwa mama yake, ili kijana asiite mtu mwingine.

"Bibi, leso yako," Restituta alinong'ona. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

"Nyamaza. Lete gumba."

Mara ya tatu mashine ililia, ikakubali. Kijana alivuta karatasi akauliza bila kuinua macho: mwaka mmoja au miwili?

Mutasim alimtazama mama yake. Bi Mahbuba alikuwa bado ameushika ule mkono, leso imekuwa ya kijivu.

"Miwili," Mutasim alisema.